Bibi wa Kinepali alimfunika mjukuu shali nilipoinua kamera. Kwa nini?

#1 Mtanga_Doha

Wakuu, salaam. Nipo Doha mwaka wa sita, kazi ni ulinzi. Chumbani tunalala wanne, na mmoja wetu ni Mnepali wa wilaya ya Gorkha. Namwita dai, yaani kaka mkubwa, maana kanizidi umri na kwao ndivyo wanavyoitana. Oktoba iliyopita likizo zetu ziliangukiana, akanichukua kwao kwa sikukuu ya Dashain. Basi kutoka Kathmandu mpaka mjini Gorkha, halafu gari la Jeep, mwendo wa saa tatu kwenye njia ya mawe. Upande mmoja mlima, upande wa pili unaona mto chini kama uzi.

Nilikuwa na kamera niliyonunua kwa mtu hapa Doha. Watoto wa kule hawakuhitaji kuitwa. Kwa Dashain wanafungiwa bembea kubwa inaitwa ping: mianzi mirefu minne inainamishwa, inafungwa juu, na kamba zinashuka katikati. Mtoto anapanda kwa kusimama, anajisukuma mpaka anapita juu ya mapaa. Kila nikibonyeza walinivuta shati wajione kwenye kioo. Siku tatu nilipiga picha zaidi ya 400.

Siku ya nne asubuhi nilikuwa barazani kwa jirani wa dai. Bibi mwenye nyumba kanimiminia chai ya maziwa, kanipa na sel roti, ule mkate wa mduara wa unga wa mchele unaokaangwa. Mapajani ana mjukuu wa miezi kama minane. Macho ya mtoto yamepakwa wanja mzito, na pembeni ya paji la uso kuna doa jeusi. Jua lilikuwa linapenya kwenye mahindi yaliyotundikwa mafungu mafungu chini ya upenu, linamwangukia mtoto usoni. Nikainua kamera huku natabasamu. Bibi hakunikaripia. Alivuta shali yake, akamfunika mtoto mpaka nyayo, na kwa mkono wa pili akaniongezea chai.

Nikashusha kamera. Nepali yangu ni ya salamu tu, sikuweza kuuliza. Watoto wa kijiji kizima nimewapiga na mama zao wanacheka. Kwa nini huyu? Mwenye kujua desturi za kule anisaidie. Na ninyi mnaopiga picha vijijini, mnafanyaje?

#2 BintiPangani

Kaka, jibu umelitaja mwenyewe: wanja na doa. Hicho ni kijicho. Bibi yangu alikuwa hatoi mtoto nje bila kumpaka wanja na kumtia doa kwenye paji, ili jicho la mtu likimbilie kwenye doa lisimguse mtoto. Sasa wewe unamletea jicho kubwa la kioo! Hata mimi ningemfunika.

#3 Mgumu_wa_Marangu

Naweka kambi hapa. Huu uzi utakuwa mtamu.

#4 Lenzi35

Nimekwenda Nepal mara mbili, 2017 na 2019, zote kwa njia ya milima ya Annapurna. Dada Pangani yuko karibu na ukweli. Wanja wao unaitwa gajal, na jicho baya wanasema limempata mtu kama sisi tunavyosema. Mtoto akianza kulia bila sababu au kukataa kunyonya, wapo wanaomwita jhankri, mganga wa kienyeji mwenye ngoma, amwangalie.

Lakini hapo pana tatizo. Mimi nimepiga watoto wachanga wenye gajal na wazazi wao wakanisogezea karibu zaidi. Kwa hiyo wanja peke yake hautoshi kueleza. Mkuu uliomba ruhusa? Neno lao ni rahisi: "Photo khichda hunchha?" Wakisema "hunchha" ni sawa, wakisema "hundaina" funga mfuniko wa lenzi uondoke. Kuinua kamera na kutabasamu siyo kuomba.

#5 Mtanga_Doha

Lenzi35 sikuomba. Kwa wale wa kwenye bembea sikuhitaji kuomba, nikadhani na hapo ni vilevile. Hilo nalikubali.

#6 Mama Ushungi

Hujambo mwanangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Watalii wamenipiga picha mlangoni kwangu tangu nina umri wa kuruka kamba. Nataka nikwambie kitu: watoto wakikukimbilia hiyo siyo ruhusa. Mtoto hajui picha inakwenda wapi, hata sisi wazima hatujui. Mimi kuna picha yangu ya utotoni, nimekaa kwenye kizingiti na kaniki ya mamangu, mtu aliiona imechapishwa kadi inauzwa dukani. Mamangu alilia, siyo kwa hela, ni kwa sababu siku hiyo tulikuwa hatuna nguo ya maana. Huyo bibi pengine alitazama nguo za mjukuu tu.

#7 Lenzi35

Mama Ushungi umenigusa. Na umesema jambo ambalo wapiga picha hatupendi kulisikia. Tunatafuta mtoto mwenye vumbi usoni kwa kuwa picha "inaongea". Mzazi anataka mtoto aliyeogeshwa, aliyechanwa nywele, amesimama wima. Kule Ghandruk nilimwomba mama mmoja nimpige na binti yake wakichambua kodo, ule ulezi wao. Akasema hunchha, akaingia ndani, nikangoja nusu saa. Wakatoka wamevaa mikufu na blausi za mahameli kama wanakwenda harusini. Mwanzoni nilikasirika, mwanga wangu umepotea. Leo ndiyo picha pekee ya safari ile ninayoipenda.

#8 Kalamu_na_Karatasi

Tusizunguke. Nepal ni nchi huru ya watalii, hakuna sheria inayokataza kumpiga mtu picha. Mtoa mada asijilaumu. Dunia imeijua Nepal kwa picha. Mnakumbuka tetemeko la 2015, ile picha ya kaka mdogo amemkumbatia dada yake, wamekaa chini wanalia? Ile picha moja ilichangisha hela kuliko hotuba zote. Aliyeipiga angeombaje ruhusa pale?

#9 Wakili wa Kijiweni

Kalamu, umekosea mara mbili.

Kwanza sheria ipo. Kanuni yao mpya ya makosa ya jinai ilipitishwa 2017, ikaanza kutumika Agosti 2018, na ndani yake kuna kifungu kinachokataza kumpiga mtu picha bila ridhaa yake. Waandishi wa habari wa Nepal waliipigia kelele sana kwa kuhofia itawafunga mikono. Mwaka huohuo ikaja sheria ya faragha, na sheria mpya ya watoto. Kama polisi wa kijijini anaifuata ni mazungumzo mengine, lakini usimwambie mtu haipo.

Pili, picha ile siyo ya Nepal. Ni ya Vietnam, mkoa wa Hà Giang, imepigwa 2007 na mpiga picha wa kule anaitwa Na Son Nguyen. Ni watoto wa Kihmong. Tetemeko lilipotokea watu wakaisambaza na maneno yao, mwenyewe akahangaika kueleza na hakuna aliyemsikiliza.

#10 Kalamu_na_Karatasi

Ahsante kwa masahihisho, Wakili. Nimekwenda kuangalia, ni kweli. Nimeishi miaka yote nikiamini ni ya Nepal.

#11 BintiPangani

Na mimi nimeitafuta. Mnajua kwa nini yule mdogo alikuwa analia? Mpiga picha mwenyewe alieleza: wazazi walikuwa shambani, watoto wanacheza mbele ya nyumba, yule wa kike akaogopa kumwona mgeni, kaka yake ndipo akamkumbatia. Yaani chozi ambalo dunia nzima ililia nalo lilisababishwa na mwenye kamera. Someni tena.

#12 Mgumu_wa_Marangu

Aisee.

Mimi ni mgumu, napandisha mizigo Kilimanjaro mwaka wa kumi na moja. Nepal sijafika lakini naongea kama anayepigwa picha. Ukiwa na mzigo wa mgeni kichwani, jasho linakuingia machoni, ukiinua uso unakutana na simu. Hawakuulizi, hawakutumii. Kuna siku mgeni mmoja alinipiga, akanionyesha, akauliza "unaionaje?" Nikamwambia nimefunga viatu vibaya, nipige tena. Akanipiga tena. Yule ndiye ninayemkumbuka kwa sura.

Wale wa Nepal wanabebea kwenye paji la uso, kikapu mgongoni na mkanda unapita kichwani, sivyo Lenzi?

#13 Lenzi35

Ndiyo, siyo kama ulivyozoea wewe. Kikapu ni doko, mkanda ni namlo. Nimewaona watoto wa miaka tisa na doko dogo lao wakirudi na majani ya mbuzi. Wanatembea kifua kimeinama, macho yanatazama hatua mbili mbele, basi. Ukimwita ainue uso umpige, unamvunjia mizani, mzigo unamvuta nyuma. Nilifanya hivyo mara moja kwa mama mtu mzima na nikajuta palepale. Sasa nangoja wafike kwenye chautari. Ni baraza la mawe lililojengwa chini ya miti miwili mikubwa, la kupumzishia mizigo njiani. Hapo mtu kashatua, kashafuta jasho, na kama anataka picha atakwambia.

#14 Nesi wa Mtaa

Naomba nichangie, na hili ninalosema linaniuma. Mwaka 2018 nilijitolea Kathmandu wiki tatu kupitia kampuni moja, nililipa mwenyewe. Nikapelekwa kwenye kituo cha yatima. Nilipiga picha mamia za wale watoto: wanakula dal bhat, wanapiga mswaki mstarini, wanalala wawili wawili. Nikazituma kwenye makundi yote ya nyumbani, watu wakachanga, nikapeleka hela.

Siku moja binti wa miaka saba akachukua simu yangu, akafungua kamera, akajipiga, akasema "mpelekee aama". Aama ni mama. Nikadhani anamaanisha mama aliyekufa. Hapana, mama yake yupo wilayani, yu hai, analima. Nikawauliza wengine, wengi wana mzazi. UNICEF na watu wa haki za watoto walishaonya miaka mingi kuhusu watoto wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya shule ili wageni waje na hela. Na baada ya tetemeko serikali yao ilizuia watoto kuhamishwa wilaya bila kibali, kwa kuhofia hilohilo.

Zile picha zangu ndizo zilikuwa tangazo la biashara. Nimezifuta kwangu, kwa wenzangu siwezi kuzifuta. Kwa hiyo Mtanga, shali ya yule bibi mimi naiheshimu. Kijiji kilichowahi kusikia mtoto wa mtu amechukuliwa, kitamwamini vipi mgeni mwenye kamera?

#15 Mtanga_Doha

Dada Nesi, pole, na ahsante kwa kusema wazi.

#16 Mzee Kobe

Watoto wangu, mimi nasoma tu huwa siandiki. Lakini mmesahau vita. Mtoa mada anasema Gorkha. Vita vya Wamao, waasi wa Kikomunisti wa Nepal, vilianza Februari 1996 na Gorkha ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kabisa. Vikaisha 2006. Walikufa watu zaidi ya 13,000, na zaidi ya 1,300 hawajulikani walipo mpaka leo. Usiku walikuja waasi kutaka chakula, mchana walikuja askari kuuliza nani kawalisha. Katika hali hiyo picha ya uso wako ni ushahidi. Bibi wa miaka sitini leo, wakati ule alikuwa mama wa watoto wadogo. Mkono wake umejifunza kufunika kabla kichwa hakijafikiri.

#17 BintiPangani

Shikamoo Mzee Kobe. Hoja nzito. Ila kama ni vita, mbona yeye mwenyewe hakujifunika? Alimfunika mtoto tu.

#18 Mzee Kobe

Marahaba. Mama hujifunika mwisho.

#19 Muscat_Kwetu

Nipo Muscat, Wanepali ninao kazini. Nimemuuliza dada mmoja anayefanya usafi ofisini kwetu, wa Chitwan. Kanijibu kwa swali: "Baba wa mtoto alikuwepo?" Anasema wanaume wengi wako nje: Ghuba, Malaysia, India. Mtoto wa miezi minane, inawezekana baba hajawahi kumwona uso kwa uso. Bibi hawezi kumwachia mgeni picha ya mtoto ambaye mwanawe mwenyewe hajamshika. Sijui kama ndiyo desturi au ni hisia yake, maana aliposema hayo alinyamaza, akatoa simu, akanionyesha mwanawe kavaa sare ya shule, shati la samawati. Alimwacha ana mwaka mmoja. Sasa yuko darasa la nne.

#20 Mtanga_Doha

Muscat_Kwetu hilo limenikaa. Dai binti yake wa pili alimwona kwanza kwenye simu. Mimi nilikuwa kitanda cha juu nasikia. Mkewe aliizungusha simu taratibu, akaanza na miguu, kisha mikono, uso ukawa wa mwisho. Siku tunafika kijijini yule mtoto alimkimbia baba yake akajificha nyuma ya mlango, halafu akaja kumtazama kwenye kioo cha kamera yangu. Kwenye picha alimtambua, mbele yake alimwogopa.

#21 Kalamu_na_Karatasi

Nina swali dogo, samahani kwa kuhamisha mada. Viza ya Nepal kwa Mtanzania inakuwaje?

#22 Lenzi35

Unapata ukifika uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu: dola 30 siku 15, dola 50 siku 30. Thibitisha kabla hujakata tiketi. Na kama una drone usiibebe kichwakichwa, inataka vibali. Turudi kwenye mada.

#23 Ituri_Moja

Jameni, mimi niko Bunia, Kongo. Nasoma hii uzi nacheka na kulia. Huku kwetu Wanepali ndio wanatupiga sisi picha! Askari wao wa Umoja wa Mataifa wamekaa Ituri miaka mingi. Kulikuwa mmoja alizoea kusimama karibu na kisima chetu. Alikuwa anapiga watoto na simu yake, kisha anatuonyesha. Siku moja kaka yangu alimuuliza: unapiga watoto wetu sababu gani? Akafungua simu, akapitisha picha za hapa, moja, mbili, tatu, mpaka akafika kwa mtoto wake. Kijana wa miaka minne, na alama nyekundu kwa paji. Akaweka ile picha pembeni ya picha ya mtoto wa kaka yangu, akasema "same, same." Tangu siku ile kaka hakumkataza tena. Lakini mama yetu alimkataza mpaka siku alihama. Kila akimwona anafunika mtoto kwa kitenge. Kama vile bibi wa Gorkha. Nilimuuliza mama, alisema tu: "Huyu ataenda, picha itaenda naye."

#24 BintiPangani

Ituri_Moja umefunga kazi. "Picha itaenda naye."

#25 Mama Ushungi

Huyo mamako nampa mkono kutoka Mombasa.

#26 Wakili wa Kijiweni

Kuna upande hatujaugusa. Kathmandu yupo mtoto ambaye ni marufuku kabisa kumpiga picha akiwa kwake: Kumari, binti mdogo wa Kinewari anayeheshimiwa kama mungu wa kike aliye hai. Nyumba yake ipo Basantapur. Unaingia uani, unasimama, anatokea dirishani kwa muda mfupi, na kamera zote zinashushwa. Wageni wa mataifa yote wanatii bila kunung'unika. Kumbe tunaweza! Ila kwa mtoto wa mkulima tunahitaji maelezo kurasa tatu.

#27 Lenzi35

Nilisimama uani pale 2019. Tulikuwa kama watu thelathini, na kimya chake hakina mfano. Lakini Wakili, wakati wa Indra Jatra anatolewa kwenye gari la kukokotwa na anapigwa picha na jiji zima. Kwa hiyo siyo uso wake uliokatazwa, ni mahali na wakati. Pengine na kwa bibi wa Gorkha ndivyo. Bembeani ni sikukuu, ni mbele ya watu. Barazani ni nyumbani kwake, na yule ni mgeni anayekunywa chai.

#28 Mgumu_wa_Marangu

Hii ya #27 mimi ndiyo ninayoichukua.

#29 Mzee Kobe

Mimi nabaki na yangu.

#30 Nesi wa Mtaa

Kuna kitu kizuri pia kisemwe. Wanepali wenyewe wanapiga na kukusanya picha zao. Kuna hazina ya picha Kathmandu, Nepal Picture Library, ilianzishwa na watu wa photo.circle, jukwaa la wapiga picha la kulekule, inakusanya picha za familia za kawaida: albamu za kabatini, harusi, picha za studio, safari za kwanza nje. Nilipoziona nilishangaa. Hakuna kamasi, hakuna mtoto mwenye nzi usoni. Kuna watu wamevaa vizuri wanaitazama kamera kwa sababu wao ndio waliotaka.

#31 Mtanga_Doha

Wakuu, nina mrejesho, nimechelewa kwa sababu ya zamu za usiku.

Moja. Nimezipitia picha zote za siku ile. Kuna moja niliipiga kabla sijakaa, baraza tupu. Nimeikuza. Ukutani, juu ya mlango, kuna picha ya kijana kwenye fremu, imezungushiwa taji la maua ya rangi ya machungwa. Sikuiona nikiwa pale.

Mbili. Nimemuuliza dai kuhusu shali. Alicheka sana. Anasema hakuna siri yoyote, mtoto alikuwa na mafua, pua ilikuwa inatiririka, na bibi ni mtu wa usafi. Basi.

#32 Kalamu_na_Karatasi

Kwa hiyo kurasa zote hizi ni makamasi?

#33 Mama Ushungi

Nilisema mimi.

#34 BintiPangani

Mimi sikubali upesi. Kaka Mtanga, ile picha ya ukutani umemuuliza?

#35 Lenzi35

Mtanga, hayo maua yatakuwa sayapatri. Angalia: wakati wa Tihar, wiki chache baada ya Dashain, maua hayo yanatundikwa milangoni kote, na ndugu wa kiume wanavishwa mataji na dada zao. Huyo ni mtu hai na ni heshima. Lakini picha ya mtu ikiwekwa taji ukutani, kwa kawaida huyo ameshafariki.

#36 Muscat_Kwetu

Nathibitisha. Na mnajua ni vijana wangapi wanarudi kwao ndani ya sanduku kutoka huku tuliko? Ukikaa Tribhuvan upande wa mizigo utaona ndugu wanangoja na gari. Picha inayotumika msibani mara nyingi ni ile ya pasipoti, au aliyojipiga mbele ya jengo refu.

#37 Wakili wa Kijiweni

Tusimjengee bibi wa watu hadithi. Inaweza kuwa mume wake, inaweza kuwa tetemeko. Kitovu kilikuwa Barpak, Gorkha hiyohiyo, 25 Aprili 2015, kipimo 7.8, wakafa karibu watu 9,000 nchi nzima. Ilikuwa Jumamosi, siku yao ya mapumziko, ndiyo maana madarasa yaliyoanguka yalikuwa matupu. Baada ya hapo wageni wenye kamera walimiminika, na wahandisi wakapita nyumba hadi nyumba na tableti kuorodhesha nani alipwe fedha za kujenga. Kwa mtu aliyepita hayo, kuinuliwa kamera kuna maana nyingi.

#38 Mtanga_Doha

Nilimuuliza dai. Safari hii hakucheka. Alisema "huyo ni bhai", mdogo wake kwa ukoo, akageukia ukutani kulala. Sikuendelea kuuliza.

#39 Mzee Kobe

Umefanya vizuri.

#40 Ituri_Moja

Pole kwa familia hiyo.

#41 Lenzi35

Mtanga, kwa vitendo. Umebaki na picha 400 za watoto wa kijiji. Ushauri wangu usizipandishe mtandaoni kabla hujazirudisha. Chapisha. Posta ya vijijini kule usiitegemee, mpe mtu anayekwenda likizo. Mimi mara ya pili nilibeba bahasha yenye picha 60 za mara ya kwanza. Mtu akaniita dukani, nikakuta watu wamejaa, kila mmoja anatafuta wake. Watoto wawili walikuwa wamekua hata hawakujitambua, bibi zao ndio waliowatambua. Picha tatu hazikupata mwenyewe: wamehama, au basi tu. Mwenye duka akazibandika ukutani kwake.

#42 Mgumu_wa_Marangu

Na uandike jina nyuma ya kila picha. Siyo "mtoto wa Nepal". Jina lake.

#43 Mtanga_Doha

Nimechapisha 112, nyingine zinarudiana. Majina dai amekaa nami usiku wa Ijumaa, tumeandika 97 kwa herufi zao, zilizobaki atauliza kwao. Kuna kijana mwenzetu anasafiri mwisho wa mwezi, atazibeba.

Na jambo la mwisho. Juzi mke wa dai alituma picha kwenye simu yake, dai akanipa niangalie. Ni yule bibi, barazani palepale. Mtoto sasa anasimama, ameshika kidole cha bibi, uso wazi, wanja mpya, kofia ya sufu. Bibi anaitazama simu moja kwa moja. Aliomba mwenyewe apigwe, na akasema "mwonyesheni yule mgeni wa chai."

Msiniombe niiweke hapa, haikutumwa kwenu.

#44 BintiPangani

Hatuombi kaka.

#45 Kalamu_na_Karatasi

Ya bembea je, ile tupu, bila watoto? Nataka nione wanavyofunga mianzi juu.

#46 Mtanga_Doha

Hiyo ninayo. Nikitoka zamu naiweka.